Tano ya Yasini

Benchi letu ni gogo la kitanda cha kufumia mazulia, limelazwa juu ya mawe mawili mbele ya duka la marehemu Hattabu, duka lililofungwa tangu warithi wake waanze kuzozana, na kwa ninavyowajua litafunguliwa siku ya kiama. Hapo ndipo tunapokutana kila alasiri sisi wazee wa mtaa huu wa Kairuani, tuliochoka na nyumba zetu na nyumba zetu zikachoka na sisi. Monji, tunayemwita Redio, anauza kahawa kwenye meko ya mkaa pale ukutani, kahawa nzito yenye matone ya maji ya maua ya mchungwa, na mdomo wake haufungi hata anapopuliza moto. Shedli ni Mwalimu. Alifundisha hesabu mpaka nywele zake zikawa rangi ya chaki. Hmida ni Sheikh Robo, kwa kuwa alikuwa karani wa mwandishi wa mirathi akajifunza robo ya elimu ile, na hizo robo tatu anazitunga mwenyewe. Mimi ni Brahimu, fundi wa kuziba mazulia yaliyotoboka, na hapa naitwa Pilipili. Msiniulize kwa nini. Mwisho wa gogo hukaa Lazhari, ambaye hatujawahi kumpa jina la utani, maana si mtu wa kutaniwa. Siku ninayoisimulia ilikuwa ya Januari, mvua imekatika punde tu, na kesho yake Lazhari alitakiwa asimame mbele ya hakimu aombe mwanawe wa pekee wa kiume, Yasini, ahukumiwe kuwa amekufa.

Hilo hatukuwa na ujasiri wa kulizungumza. Ndiyo maana tukazungumza hesabu.

Mwalimu alitoa kipande cha chaki mfukoni, maana huyu hutembea na chaki kama wengine wanavyotembea na tasbihi, akaandika kwenye mlango wa duka la Hattabu tarakimu kubwa kubwa: 1,330,560.

— Haya, akasema. Milioni moja, laki tatu na thelathini elfu, mia tano na sitini. Hiyo ndiyo nyumba ya Lazhari.

— Bei yake? akauliza Monji.

— Bei gani, wewe! Mafungu. Asubuhi hii mwandishi wa mirathi kaisoma namba hiyo mbele ya warithi. Muulize Pilipili, muulize Sheikh Robo, walikuwepo.

— Tulikuwepo, nikasema.

— Nyumba ya vyumba sita na kisima kimoja, mafungu milioni na ushei! Si bora kila mrithi apewe punje ya chokaa aende zake?

— Wewe mimina kahawa, nikamwambia. Kitu usichokijua kinyamazie.

Nilimwonea tu, maana hata mimi ilinichukua miaka kulielewa. Nyumba ile iliachwa na babu yake Lazhari, na tangu alipozikwa haijagawanywa. Kwetu ndivyo tulivyo. Watu wanaona haya kugawa nyumba wakati godoro la maiti halijakauka juani, wanasema tutagawa mwakani, na mwakani anakufa mwingine. Huyo naye ana mke, ana watoto, pengine na mama yake yu hai. Fungu lake lazima likatwe tena. Sasa inatafutwa namba moja inayoweza kugawanyika kwa wote hao pasibaki kitu, kwa sababu fungu la mirathi halikatwi kwa kukadiria. Kila akifa mtu, namba inanenepa.

Na sasa boriti ya chumba cha juu imepasuka. Baraza la mji limeandika: ama wenye nyumba wote watie saini ijengwe upya, ama waliomo watoke kabla mwezi haujaisha. Waliomo ni Lazhari na binti yake mdogo, Najati. Wenye nyumba, baada ya kubembelezana hadi ndimi zikaota sugu, wote wamekubali. Amebaki mmoja ambaye hawezi kusaini. Yasini alipanda boti kule pwani kwenda Italia, sasa ni miaka tisa. Alimpigia baba yake simu akiwa ufukweni: "Baba, betri inaisha, nitakupigia." Hatujasikia tena.

— Tazameni uzuri wake, akasema Mwalimu, anaipapasa ile namba kwa kidole. Igawe kwa mbili, inakubali. Tatu, inakubali. Nne, tano, sita, saba, inakubali. Nane, tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Hakuna hata moja inayobakisha kitu. Umri wangu wote darasani sijaona namba yenye adabu namna hii.

— Na kumi na tatu? akauliza Hmida.

— Kumi na tatu inagoma.

Hmida akatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba.

— Nilijua! Kumi na tatu ni ya jini wa kisimani. Nyumba ya zamani haikosi jini, na jini hana mirathi kwetu, ndiyo maana namba inamkataa. Wahenga walisema, maji ya kifuu bahari ya chungu.

— Hivi wahenga walisema hivyo kwa ajili ya majini? akauliza Monji.

— Kwani wewe uliwauliza wakakwambia la?

— Lahaula, nikasema. Mwalimu, endelea, tutaugua bure.

— Kumi na moja ndiyo nzuri zaidi, akasema Mwalimu. Hakuna haja hata ya kugawa. Ruka moja moja kutoka kushoto. Moja, tatu, tano, sifuri: jumla tisa. Sasa zile ulizoziruka. Tatu, sifuri, sita: jumla tisa. Mizani imelala sawa. Ikilala sawa hivyo, jua kumi na moja imo.

Monji akaweka birika chini.

— Tisa huku na tisa huku?

— Tisa na tisa.

— Na Yasini kaondoka mwaka wa ngapi huu?

Nilimtazama kwa jicho ambalo lingemkausha mtu mwenye haya. Lakini Redio ikishawaka haina pa kuzimia.

— Hapana, Pilipili, niache, hili si la mchezo. Namba haiji hivihivi. Mwalimu, siku moja ina dakika ngapi?

— Elfu moja mia nne na arobaini.

— Igawe hiyo namba yako kwa hizo.

Mwalimu, Mungu amsamehe, hawezi kuambiwa gawa asigawe. Aliinama pembeni mwa mlango, chaki ikalia, akainuka taratibu.

— Mia tisa ishirini na nne. Haikubaki kitu.

— Mnaona! Monji akapiga paja. Siku mia tisa ishirini na nne kamili, hakuna dakika iliyozidi wala iliyopungua. Hii si mirathi, hii ni ahadi! Namba inasema mtu atarudi zikitimia siku hizo.

Lazhari alizungumza polepole, bila hasira.

— Zilikwisha zamani hizo, Monji. Zilipokwisha mama yake bado alikuwa hai.

Monji akainamia meko yake, akapuliza mkaa ambao tayari ulikuwa umewaka. Sikumtukana. Niliona masikio yake yamekuwa mekundu, nikaona yanatosha.

Kahawa ikazungushwa. Mtu wa punda akapita na magunia yake, tukaitikia salamu. Nilidhani mazungumzo ya namba yamekwisha, nikashukuru, lakini Lazhari mwenyewe akayarudisha.

— Mwalimu, akasema, wewe umesema inagawanyika kwa hizi na hizi. Nieleze imetokana na akina nani.

— Una hakika, ndugu yangu?

— Nieleze. Kesho nitaulizwa kama nimeelewa, nami sitaki kuitikia kama kasuku.

Mwalimu akaandika chini ya namba: mbili iliyorudiwa mara saba, tatu iliyorudiwa mara tatu, kisha tano, saba, na kumi na moja, kila moja mara moja.

— Ukizizidisha hizi zote unapata ile ya juu. Hizi ndizo mifupa yake, huwezi kuzivunja zaidi. Saba hii ni ami yako Tahiri. Aliacha wavulana watatu na binti mmoja. Mvulana mawili, binti moja. Saba.

— Mungu amrehemu, tukasema.

— Kumi na moja ni ami yako wa Gabesi. Wavulana watano, binti mmoja.

— Mungu amrehemu.

— Hizi za mbili na hizi za tatu ni wajane na akina mama, thumni yao ya moja ya nane, robo yao, sudusi yao ya moja ya sita. Bibi yako yumo. Mama yako yumo. Shangazi yako yule aliyekuwa anatupikia makrudhi, vile vikeki vya tende, siku za Maulidi naye yumo.

— Mungu awarehemu wote.

— Kumbe mlango huu umekuwa makaburini, akasema Hmida, na kwa mara ya kwanza mwaka ule alisema neno la maana. Kila namba iliyomo humo ni maiti.

— Na tano? akauliza Lazhari.

Mwalimu akafuta kidole chake kwenye koti.

— Tano ni Mabruka.

Mabruka alikuwa mke wa Lazhari, na pia binti wa ami yake, kwa hiyo alikuwa na fungu lake mwenyewe katika nyumba ile ile. Alikufa Yasini akiwa ameshaondoka miaka minne. Daktari alisema ni moyo. Sisi tuliomwona akikaa kizingitini kila magharibi, simu mapajani, hatukuhitaji daktari.

— Mabruka alikuacha wewe na watoto wanne, akasema Mwalimu. Robo ni yako. Robo tatu zilizobaki ni za watoto. Zohra moja, Samia moja, Najati moja, na Yasini mawili. Tano.

— Na Yasini asipohesabiwa?

— Hapo mabinti ni watatu na robo ni tatu, na sheria yetu hapa haiwapunji mabinti. Robo, robo, robo, na robo yako wewe. Hakuna cha kukatwa kwa tano. Tano inatoka.

— Basi tano si Mabruka, akasema Lazhari. Wengine wote humo wamekufa, tukawaosha, tukawazika. Tano ni Yasini.

Mwalimu aliandika namba nyingine chini kabisa, ndogo kuliko ile ya kwanza: 266,112.

— Hii ndiyo itakayobaki kesho, akasema, sauti imemshuka. Laki mbili, sitini na sita elfu, mia moja na kumi na mbili. Nilikaa nayo mchana. Zile namba zinazoigawa ya juu bila kubakisha ni mia mbili hamsini na sita. Zinazoigawa hii ya chini ni mia moja ishirini na nane. Nusu yake barabara. Ukimtoa huyo mmoja, kila iliyokuwa na tano ndani yake inaondoka pamoja naye.

— Nusu shari kuliko shari kamili, akasema Hmida.

— Funga bakuli lako, Robo!

— Nasema kweli, Pilipili. Namba ikipungua, ugomvi unapungua. Mambo yenyewe ni ya karatasi tu. Na wahenga walishamaliza: asiyekuwapo na lake halipo.

Lazhari akaweka kikombe chini, akakigeuza mdomo ukaelekea ardhini, kama tufanyavyo tukiwa hatutaki tena.

— Lake lipo, akasema. Na wewe ulikuwa karani, unajua lipo. Aliyepotea fungu lake haligawiwi mtu. Linawekwa.

— Linawekwa mpaka hakimu atakapohukumu.

— Na hakimu atahukumu kwa sababu wewe na Brahimu mtakuwa mmeapa.

Hmida akanitazama, nami nikaangalia viatu vyangu. Ndiyo, mashahidi tulikuwa sisi. Tuape kwamba tangu siku ile hatukusikia habari za Yasini, uhai wala mauti. Kilikuwa kiapo cha kweli, hakuna hata chembe ya uongo ndani yake, na bado nilitamani akiape mtu mwingine.

Basi hapo ndipo Monji, aliyekuwa amenyamaza muda mrefu kuliko afya yake inavyoruhusu, akachokonoa tena.

— Lakini, Mwalimu, hapo mabinti si wanaongezewa? Mwanzo kila mmoja alikuwa na ngapi?

— Katika ishirini za mama yao, tatu tatu. Yasini akitoka, tano tano.

— Ala! Basi nao wana faida yao...

Sijapata kumwona Lazhari akisimama haraka vile. Fimbo yake ilianguka, na hakuiokota.

— Faida? Monji, unawajua binti zangu? Uliwaona wakimbeba mgongoni huyo mdogo wao wa kiume? Samia aliletewa karatasi asaini, akaitupa uani, akaja kuiokota analia kwa sababu Zohra alimwambia: baba atafia chini ya boriti. Zohra aliposaini alitapika. Wewe unaniletea faida! Na mimi je, faida yangu iko wapi? Robo yangu ni robo akiwa hai, robo akiwa maiti. Hesabu yenu hainigusi hata punje. Mbona nimekonda hivi?

— Nisamehe, ami Lazhari, akasema Monji. Nina mdomo mbaya.

— Una mdomo mbaya sana, nikasema.

Nikaiokota fimbo, nikamkalisha. Mkono wake ulikuwa baridi. Mimi na yeye tulitahiriwa wiki moja, tukagombea baiskeli moja.

— Ndugu yangu, nikasema, kama moyo hautaki, kwa nini tunakwenda?

Alipangusa tope kwenye fimbo yake.

— Kwa sababu ya Najati, akasema. Analala chini ya boriti ile. Nikimwambia nenda kwa dada yako, ananiambia twende wote. Na mimi siondoki.

— Kwa nini huondoki?

— Unaniuliza wewe, Brahimu? Simu yangu ile ya zamani iliingia maji, namba ikafa. Anayo ipi mwanangu ya kunipigia? Anaujua mlango tu. Rangi ile ile ya buluu, misumari ile ile, aliihesabu akiwa mdogo, anajifunza kuhesabu. Akirudi, hata akirudi kipofu, ataupapasa aujue. Kwa hiyo lazima mlango usimame. Na ili usimame, ijengwe nyumba. Na ili ijengwe, watie saini wote. Na ili watie saini wote, niseme mwanangu amekufa. Ili nipate kumsubiri, niape kwamba hatakuja! Haya, ninyi wa hesabu, nigawieni hiyo.

Hakuna aliyegusa kikombe. Mwalimu aliitazama chaki mkononi mwake kama kitu alichokiokota njiani. Mimi nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani, bahari haitukaniki.

Hmida ndiye aliyejaribu. Nampa haki yake: alijaribu kwa moyo mweupe.

— Lazhari, sikiliza. Hili silitungi. Mtu akihukumiwa kafa, halafu akatokea, hukumu inafutwa. Anarudishiwa chake kilichopo. Hakimu si Mungu. Kesho unasema neno, nyumba inajengwa, mlango unabaki. Akija, tunamchukua mkono tunampeleka mahakamani anasema mimi hapa. Na tano inarudi ndani ya namba, inakaa mahali pake. Au vipi, Mwalimu?

— Ikirudi, namba inaongezeka mara tano, akasema Mwalimu. Inakuwa ile ile ya juu.

— Ile ile?

— Ile ile. Namba haiweki kinyongo.

Lazhari akawaangalia mmoja mmoja. Nadhani alitaka sana kuamini. Mtu aliyezama hata unyasi anaushika.

— Basi ni neno tu, akasema.

— Ni neno tu, akasema Hmida.

— Saa tatu asubuhi, nikasema mimi. Nitapita kukuchukua.

Akaitikia kwa kichwa. Mambo yakawa yamekwisha, na sote tukajifanya tumepumua.

Wakati huo huo ikasimama teksi kwenye kona, akateremka mwanamke wa makamo, kajitanda shuka jeupe, mkononi mkoba uliojaa na kifurushi cha hina kilichofungwa kwa gazeti. Harufu yake ilitufikia kabla hajafika yeye. Alisimama hatua chache kutoka kwetu, kwa heshima, kama wanawake wanavyosimama mbele ya benchi la wazee.

— Asalaam alaikum, ami zangu.

— Wa alaikum salaam, binti yetu. Karibu.

— Mimi ni Wasila, natoka Gabesi. Naitafuta nyumba ya Lazhari bin Amori. Ni mtoto wa ami yangu, lakini tangu nilipokuja nikiwa msichana mji umenipotea. Nimekuja kuwawekea saini kaka zangu watano na mimi mwenyewe.

Nikaelewa: huyu ndiye yule binti mmoja wa kumi na moja. Lazhari alimtazama bila kujitambulisha. Nadhani alikuwa anaitafuta sura ya mtoto ndani ya sura ile. Monji akainua mkono kumwonyesha njia, lakini mwanamke akaendelea.

— Ila nisije nikaingia mikono mitupu, bila dua. Kwetu mtu akitoka safari haingii nyumba iliyofiwa kabla hajampitia marehemu. Karatasi ilipotufikia ikasema mirathi ya marehemu Yasini, wallahi nilikaa chini. Sikujua kama kafa. Yule mtoto aliletwa kwetu kiangazi kimoja akiwa na surua, nikambeba mgongoni mwezi mzima, hakubali mgongo mwingine. Naona makaburi yako hapo nyuma ya ukuta, na jua bado lipo. Nionyesheni, ami zangu. Kaburi lake ni lipi nikamsomee Fatiha?

Tulikuwa wanaume watano tuliozoea kujibu kila kitu. Tumewahi kubishana juu ya kilicho chini ya bahari na kilicho nyuma ya mwezi. Mwalimu alifungua mdomo, akaufunga. Hmida, mwenye methali ya kila mlango, alitazama juu, akatazama chini. Monji akasema "Kwa..." akaishia hapo. Mwanamke akatuangalia mmoja baada ya mwingine, akadhani hatukusikia, akarudia kwa upole zaidi:

— Kaburi la Yasini. Liko upande gani?

Lazhari akainuka. Safari hii aliinuka taratibu, fimbo mkononi, na hakumgeukia yeye kwanza. Alitugeukia sisi.

— Brahimu. Hmida. Kesho msije.

— Lazhari, nikasema, na nyumba je?

— Itaanguka.

— Na mlango?

— Nao utaanguka. Jioni hii Najati atafunga vitu, twende kwa Zohra, nitalala na wajukuu. Yasini akija akakuta kifusi, atafanya nini? Atakuja hapa kuuliza, kama huyu alivyokuja. Ninyi mpo kila siku, hamna kazi. Mtamwambia niko wapi.

— Tutamwambia, akasema Monji. Alikuwa analia waziwazi, kitambaa cha kushikia birika usoni. Wallahi tutamwambia, ami.

Nami nililia, na sikugeuza uso. Nilikuwa na furaha na nilikuwa nimevunjika, yote mawili kwa wakati mmoja, na mwenye kuona ajabu na aone.

Lazhari akamwendea yule mwanamke, akauchukua mkoba kutoka mkononi mwake. Mwanamke sasa alikuwa ameshamtambua. Kifurushi cha hina alikuwa amekibana kifuani.

— Hana kaburi, mwanangu, akamwambia. Ana fungu. Twende ukale.

Wakaondoka pamoja kuelekea nyumbani, Wasila akiwa amemshika kiwiko kwa sababu njia ilikuwa na tope.